Pikapu iliyotumika: anzia uvunguni, dashibodi baadaye

Pikapu yangu ya kwanza niliinunua Lindi mjini, Hilux ya dizeli, dashibodi ikisoma kilomita 92,000. Dalali akaniapia: "Dada, hii ilikuwa ya mzee mmoja, anaenda nayo msikitini na kurudi." Miezi miwili baadaye nikavua vitambaa vya viti nivifue, nikakuta kikaratasi cha fundi kimenata ubavuni mwa kiti: oili imwagwe tena ikifika 187,000. Msikiti wenyewe labda ulikuwa Kigoma.

Tangu hapo dashibodi naiangalia mwisho. Kilomita zinarudishwa, na hata zisiporudishwa hazisemi gari lilipita wapi. Piga hesabu: laki moja ya lami kwa mwendo wa 80 ni saa 1,250 za injini. Laki hiyo hiyo kwenye vumbi la kwenda Liwale, unatambaa kwa 25, ni saa 4,000. Na yapo magari ya miradi yanayonguruma kutwa kivulini, kiyoyozi kimewashwa, bosi yuko kikaoni. Kilomita haiongezeki hata moja, injini inachakaa.

Nenda asubuhi, na umwambie muuzaji mapema asiliwashe. Ukifika weka kiganja kwenye boneti. Likiwa la moto, kuna kitu alikuwa anakificha: mara nyingi ni kuwaka kwa shida au moshi wa asubuhi. Moshi wa bluu ukiendelea hata injini ikishapata moto, gari linakula oili.

Kisha tandika kanga kuukuu, chukua tochi na bisibisi, ingia uvunguni. Hapa usione haya wala usiharakishwe. Gari lililoishi Mikindani, kando ya bahari, au lililobeba chumvi lina kutu ya ndani, si ile ya juu juu. Gonga chesisi, yaani fremu ya chuma inayobeba gari zima, kwa mpini wa bisibisi kutoka mbele hadi nyuma. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinajibu kwa sauti nzito na maganda yanakudondokea usoni. Ukikuta rangi nyeusi mbichi uvunguni mwa gari la miaka kumi na tano, muulize mwenyewe amempakia nani urembo huko.

Kreki, yaani nyufa, zitafute nyuma ya kabini na pale springi zinaposhikia chesisi. Gunia la korosho ni kama kilo 80, kwa hiyo pikapu ya tani moja imeshiba kwa magunia 12. Msimu ukianza Oktoba, huku Tandahimba nimeona zikipakiwa 25. Basi simama ubavuni utazame pengo kati ya kabini na bodi. Likiwa pana juu na jembamba chini, chesisi imelala nyuma. Hapo mimi huaga, hata bei ishuke vipi.

Ukiwa bado chini, magurudumu yawekewe mawe, gia iwe huru, halafu zungusha kwa mkono propela shafti, ule mhimili mrefu unaopeleka nguvu ya injini nyuma. Mchezo mdogo ni kawaida, ikizunguka sana ndipo igonge "ko!", difu (gia za katikati ya ekseli) au kroosi (viungo vya shafti) zimechoka. Fundi afungue na mafuta ya difu. Yakitoka na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Gari limeogelea mtoni.

Ndani ya kabini, vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho wake. Vumbi jekundu la Newala halifutiki kwenye mkanda, muuzaji huosha kile kipande kinachoonekana tu. Tazama pedali ya klachi: raba ikilika hadi chuma, hiyo si kazi ya kilomita 60,000. Raba mpya kwenye gari lenye kiti kilichobonyea inanitia shaka zaidi. Ubavuni mwa tairi soma tarakimu nne za mwisho za namba inayoanza na DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi zikiwa changa kuliko gari, zilishabadilishwa: gari la kilomita 30,000 lina kazi gani na seti nyingine?

Land Cruiser yenye injini ya dizeli ya 1HZ, uliza mkanda wa taimingi, ule unaoendesha valvu za injini, ulibadilishwa lini. Ukikatika, valvu zinagongana na pistoni. Asiyejua jibu, kata gharama ya mkanda kwenye bei.

Mwisho lijaribu mchangani, ingiza gia ya kuvuta kwa magurudumu yote manne, na gia ya nguvu, ile ya mwendo mdogo, pia. Wengi hujaribu lami tu.

Hii ninayoendesha sasa niliitoa Nachingwea ikiwa na 310,000. Mwenyewe alinipa daftari la shule, kila oili imeandikwa tarehe na kilomita, kurasa nyingine zina alama za vidole vya grisi. Siku hiyo hiyo nilikuwa nimeonyeshwa nyingine ya 74,000, inang'aa, uvunguni rangi bado inanata mkononi.