Friji Halikugandisha, Nikadai Mwenyewe: Hatua za Kwenda Mahakama ya Mwanzo Bila Wakili

Wanakikundi, habari za kazi. Niliahidi kuandika jinsi nilivyomdai muuza friji bila wakili. Nimeweka hatua zenyewe ili hata aliye mbali na Mbeya mjini azifuate.

Friji nililinunua Mwanjelwa mwezi Mei kwa shilingi 780,000, waranti mwaka mmoja. Juni na Julai huku Uyole hata mawese ya Kyela yanaganda kabatini, kwa hiyo sikugundua kitu. Oktoba joto lilipoingia, maziwa yakaanza kuchachia ndani ya friji. Jioni nikaweka chupa ya maji kwenye friza, asubuhi nikaitikisa: maji yanacheza. Muuzaji akaninyooshea kidole maandishi ya chini ya risiti, "Bidhaa ikishauzwa hairudishwi."

Maandishi hayo yamewanyima wengi haki yao. Yanamfaa muuzaji pale mteja anapobadili mawazo tu. Kitu kibovu ni habari nyingine. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamtaka mfanyabiashara auze kitu kinachofaa kwa kazi yake, na Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mteja kuhusu haki zake na waranti. Malalamiko ya aina hiyo unaweza pia kuyapeleka Tume ya Ushindani.

Hatua ya kwanza: karatasi. Risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi), kadi ya waranti, ujumbe wa malipo kwenye simu, picha. Risiti ya EFD itoe nakala mapema kwa sababu wino wake hufifia. Mimi nilimwita fundi, akaandika tatizo aliloliona, tarehe na sahihi yake. Karatasi ile moja ilinisaidia kuliko maneno yangu yote.

Hatua ya pili: barua ya madai. Ukurasa mmoja unatosha: ulinunua nini, lini, kwa bei gani, kina kasoro gani, unataka nini (kutengenezewa, kubadilishiwa au kurudishiwa fedha), na unampa siku ngapi. Mimi nilitoa siku 14. Peleka nakala mbili, moja isainiwe "imepokelewa" ubaki nayo. Akikataa kusaini, tuma kwa EMS ya Posta na utunze stakabadhi. Usiandike matusi, kwani hakimu ataisoma barua hiyo.

Hatua ya tatu, na hapa ndipo nilipokwama: unamdai nani? Nilikuwa nimeandika jina la kwenye bango. Karani wa mahakama akaniambia kwa upole, "Mama, bango halishtakiwi." Jina la biashara lina mwenyewe nyuma yake, na huyo ndiye unayemshtaki; ikiwa ni kampuni, inashtakiwa kwa jina lake yenyewe. Angalia jina na TIN (namba ya mlipa kodi) kwenye risiti, soma leseni iliyobandikwa ukutani dukani, au tafuta taarifa BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Nilirudi Mwanjelwa, nikasoma leseni, nikanakili jina herufi kwa herufi.

Hatua ya nne: kufungua shauri. Mahakama ya Mwanzo inasikiliza madai ya fedha na mali inayohamishika yasiyozidi shilingi milioni 30, tena kwa Kiswahili. Dai unaweza kulieleza kwa mdomo likaandikwa. Ada unalipa kwa kumbukumbu namba (control number), stakabadhi unaitunza. Mdaiwa anapelekewa samansi, yaani hati ya kumwita mahakamani.

Siku ya kesi fika mapema. Mdai asipotokea shauri linaweza kufutwa. Mdaiwa aliyepata samansi asipotokea, linaweza kusikilizwa upande mmoja. Eleza kwa kufuata tarehe, toa vielelezo kimoja kimoja. Mdaiwa wangu alifika mara ya pili akaomba tumalizane, fedha ikarudi yote. Makubaliano yetu niliomba yaandikwe mbele ya hakimu. Angekaidi, ningeomba kukazia hukumu, yaani mahakama imlazimishe kulipa. Asiyeridhika na hukumu hukata rufaa Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Tukuyu: Shikamoo mama. Sikupewa risiti, nililipa kwa simu. Nimekwisha?
Marahaba mwanangu, hujaisha. Mauziano ya mdomo yanatambulika mradi umelipa na kupokea mali. Ujumbe wa muamala na shahidi aliyekuwepo ni ushahidi. Ila siku nyingine dai risiti palepale.

Mwanachama, Mafinga: Mbegu za mahindi zimegoma kuota. Nazo zinadaiwa?
Zinadaiwa. Usitupe mfuko wenye lebo, wala mbegu zilizobaki. Mwite bwana shamba aone shamba kabla hujapanda upya na aandike alichokiona, halafu toa taarifa TOSCI, taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu. Ukishalima tena, ushahidi umeufukia mwenyewe.

Mwanachama, Njombe: Akija na wakili je?
Tangu sheria ilipobadilishwa 2021, mawakili wanaruhusiwa Mahakama ya Mwanzo inayoendeshwa na hakimu mkazi. Usitetemeke, jibu unachoulizwa tu. Kuna wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Watakuelekeza bure namna ya kuandaa karatasi, ila hawasimami mahakamani kwa niaba yako.

Mwanachama, Makete: Naishi huku, duka liko Mbeya. Nifungue wapi?
Mbeya, dada yangu, kwenye mahakama ya eneo analofanyia biashara. Nauli ni mzigo, najua. Tunza tiketi za basi, uzitaje unapoomba gharama.