Somo: Ndege ya Lisbon hadi Madrid, umbali na muda wake

Habari zenu ndugu. Juzi dada yangu alinitumia picha ya tiketi yake: kuondoka Madrid 16:00, kufika Lisbon 16:20. "Kaka, kuna ndege ya dakika ishirini kweli?" Tiketi haina kosa. Tupige hesabu pamoja, maana njia hii utaitumia kwa miji mingine pia.

Hatua ya 1: Umbali
Kutoka uwanja wa Lisbon hadi Barajas, Madrid, ni kama kilomita 513 angani. Usichukue umbali wa gari. Barabara inapita Badajoz na inafika kilomita 625 hivi.

Hatua ya 2: Muda wa safari
Ndege ikishatulia juu, chukulia mwendo wa kilomita 800 kwa saa. 513 ÷ 800 × 60 = dakika 38. Wengi huishia hapa, wakakosea. Ndege inatambaa kwanza hadi njia ya kurukia, inapanda, inapunguza mwendo kabla ya kutua, kisha inatambaa tena hadi getini. Ongeza dakika 30 hadi 40. Unapata kama saa 1 na dakika 10 hadi 20. Kwa safari fupi namna hii, nyongeza hiyo ni karibu nusu ya muda wote, usiidharau.

Hatua ya 3: Saa za nchi
Madrid iko mbele ya Lisbon kwa saa 1 mwaka mzima, kwa kuwa Ureno na Hispania hubadili saa usiku uleule.
Kwenda: 10:00 + 1:20 = 11:20, ongeza saa 1, unafika 12:20.
Kurudi: 16:00 + 1:20 = 17:20, toa saa 1, unafika 16:20. Hiyo ndiyo tiketi ya dada.

Ukitazama ramani, Madrid iko magharibi ya Greenwich, kwa hiyo jua lake ni la saa za Uingereza. Lakini mwaka 1940, enzi za dikteta Franco, Hispania ilisogeza saa zake mbele na haikuzirudisha.

Na tafadhali, ukimpigia mwenyeji wako simu kwa Kiswahili, 16:20 ni saa kumi na dakika ishirini jioni. Mwandikie pia tarakimu kama zilivyo kwenye tiketi, asije akakufuata saa nne.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mbona kurudi Lisbon mara nyingi huchukua dakika chache zaidi?
Jibu: Upepo wa juu kule kwa kawaida huvuma kutoka magharibi. Ukienda Madrid unakusukuma, ukirudi unapambana nao.

Swali: Mimi naogopa ndege. Treni ya moja kwa moja ipo?
Jibu: Ilikuwepo ya usiku, Lusitania, ikasimama Machi 2020 wakati wa korona. Kwa treni sasa unabadilisha njiani, Entroncamento na Badajoz, na siku nzima inakwisha. Basi ni rahisi zaidi.

Swali: Nina viza ya Schengen ya kuingia mara moja. Nikitoka Lisbon kwenda Madrid inakufa?
Jibu: Hapana. Nchi zote mbili zimo Schengen, yaani eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, hapo hujatoka. Ila pasipoti tembea nayo, getini wanaweza kuidai.