Siku moja ya kutembezwa Guangzhou: mambo ya kuzingatia kabla hujatoa pesa

Wengi wetu tunaokwenda Guangzhou, China, hatuendi kutembea, tunafuata mzigo. Lakini ukishazunguka maduka ya Xiaobei na Sanyuanli mpaka miguu imevimba, na kontena bado halijajaa, hubaki siku moja au mbili za kukaa bure hotelini. Hapo ndipo mtu anakuletea karatasi yake: matembezi ya kutwa, gari, mwongozaji, chakula cha mchana, na juu yake imeandikwa kwa herufi kubwa kwamba ni rafiki kwa Waislamu. Mimi nililipia mwaka niliokwenda na mama mkwe wangu. Sijuti, ila kuna mambo niliyajua nikiwa nimeshalipa. Wewe yajue kabla.

Ya wazi tuyamalize haraka. Pasipoti ibebe yenyewe, nakala haitoshi, kwa sababu sehemu nyingi za kuingia wanaandikisha tiketi kwa namba ya pasipoti. WhatsApp, Google na Facebook havifunguki kwa laini ya kule; fungua laini yako ya nyumbani itumike nje ya nchi, na pakua kabisa kitafsiri cha Kichina kinachofanya kazi bila intaneti. Malipo ni Alipay au WeChat, mpaka kwa muuza machungwa. Unganisha kadi yako ya benki ukiwa bado nyumbani, maana ule ujumbe wa benki wenye namba za siri utakuja kwenye laini yako, na ukiwa kule laini haishiki utabaki unaitazama simu. Beba na yuan taslimu kidogo. Viatu viwe vya kuvulika bila kuinama sana. Na beba chupa tupu ya maji, ndogo, ya kuingia kwenye mkoba: vyoo vingi vya umma ni vya kuchuchumaa, maji ya kustanji hakuna, na pengine karatasi nayo hakuna. Chupa hiyo usiione ni jambo dogo, utaniombea dua.

Halafu tazama wanakupeleka wapi. Nimeona ratiba zilizoandikwa za Waislamu na ndani yake hakuna msikiti hata mmoja, ila kuna maduka manne. Guangzhou ina Huaisheng, mmoja wa misikiti mikongwe kabisa ya China, uko barabara ya Guangta karibu na kituo cha treni cha Ximenkou. Mnara wake ni wa duara, mweupe, umesimama mita 36 hivi, na inasimuliwa kwamba zamani ulikuwa unawaongoza mabaharia waliokuwa wakiingia Mto Lulu. Kuna na Xianxian, barabara ya Jiefang Kaskazini, karibu na bustani ya Yuexiu, penye kaburi ambalo Waislamu wa pale wanasema ni la sahaba Sa'd bin Abi Waqqas. Wanahistoria hawakubali, na wengi wetu tumesoma kwamba sahaba huyo amezikwa Madina. Nenda tu, ukatoe salamu kwa aliyelala pale, awe nani. Kama ratiba haina hata mmoja kati ya hiyo miwili, mwambie aiandike upya au mrudishie karatasi yake.

Chakula. Hapa watu wanajiona wajanja: wanamwambia mwongozaji "hatuli nguruwe", naye anaitikia, na kweli nguruwe haji mezani. Swali hilo halitoshi. Kwa Kichina ukisema "rou", yaani nyama, bila kutaja mnyama, mpishi anaelewa nguruwe moja kwa moja. Mboga zako za majani zinaweza kukaangwa kwa zhuyou, na hayo ni mafuta ya nguruwe yuleyule. Supu ya tambi hutokana na mifupa. Samaki hutiwa liaojiu, mvinyo wa kupikia. Na vile vitafunwa vya mvuke ambavyo Guangzhou inasifika navyo, hata kile cha kamba mara nyingi huchanganywa na shahamu ya nguruwe ili kilainike. Kwa hiyo usiulize chakula, uliza jiko. Neno lako ni qingzhen, litamke "chingjen", nalo ndilo halali yao. Maduka ya tambi za Lanzhou yanayomilikiwa na Wahui, yaani Wachina Waislamu, na mikahawa ya Wauyghur, Waislamu wa Xinjiang, huwa na kibao, mara nyingi cha kijani, chenye neno hilo na pengine Kiarabu chini yake. Mtake mwongozaji akutumie picha ya kibao cha mahali mtakapokula, jana yake. Akikwambia "tutaona tukifika", basi mtakula biskuti.

Sasa lililonichoma mimi.

Mwongozaji wetu alikuwa kijana mpole, si Mwislamu, lakini alikuwa amezoea wageni wa Malaysia na Indonesia. Asubuhi alitupeleka jumba la ukoo wa Chen, lile lililokamilika mwaka 1894, lenye mapaa yaliyojaa vinyago vya udongo mpaka macho yanachoka. Saa sita na robo tulikuwa Huaisheng, adhuhuri kwa wakati wake, naye akatusubiri mpaka tumalize. Nikamwambia mama, huyu kijana kazi yake anaijua. Tukala qingzhen, kibao cha kijani tumekiona kwa macho. Tukapita Shamian, kisiwa cha majumba ya Waingereza na Wafaransa wa zamani, tukapiga picha chini ya miti. Kisha tukaingizwa duka la chai.

Ilikuwa mwisho wa Oktoba. Alasiri inaingia saa tisa na nusu hivi na jua linazama kabla ya saa kumi na mbili. Binti wa chai anamimina, kikombe cha tatu, cha nne, kila kimoja kama kizibo cha chupa. Nikamnong'oneza kijana: alasiri tunasali wapi? Akanitazama kama nimemuuliza jambo la juzi. "Si mmeshasali?" Nikamwambia ile ilikuwa adhuhuri. Akatoa simu akanionyesha ratiba yake. Mchana, sala, mara moja. Jioni, sala, mara moja, hotelini. Wageni wake wote, akasema, mchana wanasali mbili kwa pamoja, wakishatoka msikitini hawamuulizi tena mpaka usiku.

Na kijana hakukosea. Wageni wake ni watu wa siku mbili tatu, wa madhehebu ya Shafi kama sisi, wasafiri, wanakusanya adhuhuri na alasiri na wanapunguza rakaa, ruhusa wanayo. Sisi tuliingia Guangzhou tumenuia siku kumi na mbili. Kwetu sisi Mashafi, aliyenuia kukaa mahali siku nne kamili, bila kuhesabu ya kuingia na ya kutoka, si msafiri tena wa kukusanya wala kupunguza. Hayo niliyasoma chuoni kwa mwalimu nikiwa na miaka kumi. Ila sikuwahi kufikiri kwamba yatakuja kugongana na ratiba ya gari la watalii.

Tukatoka dukani haraka, na haraka yetu ikaishia kwenye foleni. Zile barabara za juu kwa juu, watu wakitoka kazini, hazina pa kuegesha. Dereva ananyoosha mkono kuonyesha magari, mimi nanyoosha mkono kuonyesha jua. Mama mkwe yuko kiti cha nyuma, udhu umemtoka, anavuta tasbihi na hasemi neno. Aliyeolewa anaujua ukimya huo.

Tulishuka chini ya mnara wa Canton, ule wa mita 600, saa kumi na moja na dakika ishirini na tano. Chooni sinki liko juu. Mama kuinua mguu tu, mfagizi akaja mbio na fagio lake la maji. Nikamtoa nje, nikamtilia maji ya kunywa miguuni pembeni ya kijibustani. Kisha kibla. Dira ya simu ilikuwa inazunguka kama feni. Mama akaniuliza, "Kaskazini ni wapi?" Masikini, pwani kwetu ukisema upande wa kibla umesema kaskazini, maana Makka tumeielekea juu moja kwa moja. Guangzhou kibla ni magharibi, kimeinama kidogo kuelekea kaskazini. Nikamwelekeza kwa jua: liweke kushoto kwako kidogo, mama, uso huku. Akatandika kanga, akasali peke yake, nami baada yake. Nilipotoa salamu taa za mnara zilikuwa zimeshawaka. Kupanda juu hatukupanda.

Kwa hiyo kabla hujalipa, mwandikie mwongozaji: tutasali mara ngapi, saa ngapi, msikiti gani. Usimwandikie "tunahitaji muda wa sala". Kama una ruhusa ya kukusanya, mwambie, utamrahisishia kazi. Kama hujui unayo au huna, muulize sheikh wako ukiwa nyumbani, siyo kwenye duka la chai. Na jua kwamba Waislamu wa pale wengi ni Mahanafi. Alasiri yao huadhiniwa baada ya yetu, kwa siku zile ilikuwa karibu saa moja nzima baadaye. Ukitaka sala ya jamaa, uliza saa ya msikiti wenyewe, usitegemee programu ya simu yako. Ukienda miji ya magharibi zaidi hesabu inabadilika tena, kwa sababu China nzima inatumia saa ya Beijing. Kule Urumqi adhuhuri inaingia saa nane hivi.

Kusali nje kama tulivyosali sisi usikufanye desturi. Kule China ibada za pamoja zinatakiwa zifanyike sehemu zilizoandikishwa. Msipange safu kwenye bustani, msigawe vijitabu vya dini, na usimrekodi mtu msikitini bila idhini yake. Sali msikitini au chumbani kwako.

Ijumaa usichukue matembezi ya kutwa. Wanaume wanataka kuwahi Xianxian, panajaa wageni wa kila taifa, na nje huuzwa mishikaki na mikate ya Wauyghur. Hiyo yenyewe ni matembezi ya kutosha.

Maduka: uliza ni mangapi na ya dakika ngapi. Mwongozaji anapata chake pale, usimlaumu, lakini hulazimiki kununua jedi wala hariri, na chai uliyoonjeshwa bure haijawa deni. Kuanzia Mei mpaka Septemba ni joto la kunata na mvua za ghafla, beba mwavuli. Dawa za presha zikae kwenye mkoba, zisibaki hotelini. Chukua kadi ya hoteli yenye anwani kwa Kichina, kila mtu yake, hata mtoto. Kubalianeni mtakutana wapi mkipotezana. Na kama uko na mzee, mwambie dereva tangu asubuhi awashushe langoni kabisa, kwa sababu kutoka maegesho mpaka mlangoni ni mwendo, na vivuli ni vichache.