Jinsi ya kuwashirikisha wadau kutathmini hatari za muhogo uliobadilishwa vinasaba

Juni 2021 Kenya iliidhinisha muhogo uitwao 4046 utoke maabara na vizuizi vya majaribio. Umebadilishwa vinasaba ili ustahimili michirizi ya kahawia, ugonjwa unaoozesha muhogo ardhini huku shina likionekana zima. Ukipewa kazi ya kuitisha wadau kuhusu zao la aina hii, fanya hivi.

1. Nenda mapema. Fika kabla wataalamu hawajafunga orodha ya maswali. Kifungu cha 23 cha Itifaki ya Cartagena, mkataba wa kimataifa wa usalama wa viumbe vilivyobadilishwa vinasaba, kinataka umma ushauriwe katika kufanya maamuzi. Ukifika na ripoti iliyokamilika, umewaita watu wapige makofi tu.

2. Ita wanaoushika mmea wenyewe. Wakulima, wauza mbegu, wafuga nyuki, wachuuzi wa muhogo wa kukaanga, kina mama wanaochuma kisamvu. Kina mama kaa nao peke yao kwanza. Mbele ya wazee wengi wao hunyamaza, na wao ndio wanaojua jikoni.

3. Tembeeni shambani, mfuate muhogo kutoka pingili, kile kipande cha shina cha kupandia, hadi sahani. Hapa usiharakishe. Uliza: majani huliwa? Maganda hupewa mbuzi? Pingili hupatikanaje? Utaambiwa mtu hupewa na jirani, au hubeba fungu kutoka kwa dadaye kijiji kingine. Basi mpaka uliochorwa kwenye kibali hauwezi kuzizuia. Tazama pia ua wa nyumba: ule mti wa mpira, ambao watu huchuma kisamvu chake, ni ndugu wa muhogo na huweza kuchavushana nao. Yote haya yaandikwe kwenye tathmini kama njia za kweli za vinasaba kusambaa.

4. Geuza hofu iwe swali la kupimwa. Mtu akisema "utatuua", usimcheke. Muulize, kwa njia gani? Pwani kila mtu anaujua muhogo mchungu, kwa hiyo swali huja lenyewe: sianidi, ile sumu ya muhogo mchungu, imeongezeka kwenye mizizi? Na kwenye majani je? Hofu za bei na umiliki wa mbegu ziandike pia, ukurasa wake. Kifungu cha 26 cha Itifaki hiyohiyo kinaruhusu nchi kuzizingatia.

5. Rudi. Beba karatasi zilezile, zenye maneno yao walivyoyasema. Kwa kila hoja waoneshe kilichopimwa, matokeo, na kilichoachwa na sababu yake. Kisha waulize kama jibu limewatosha, na uandike wanaosema halijatosha.