Kuchagua kitabu cha mimba ya kwanza: nenda dukani na kadi yako ya kliniki

Mimi ni muuguzi mkunga, na swali ninaloulizwa mara nyingi na mamakijacho wa mimba ya kwanza, na siku hizi na waume zao pia, ni kitabu gani cha ujauzito wanunue. Sitataja jina la kitabu chochote hapa. Nitaonyesha namna ya kukipima ukiwa umesimama dukani, au umechuchumaa mbele ya muuza mitumba aliyevipanga vitabu vyake chini pembeni ya barabara, kabla hujatoa fedha.

Hatua ya kwanza ni kubeba kadi yako ya kliniki. Ifungue kando ya kitabu, kisha uangalie kama kitabu kinakufafanulia yale ambayo mkunga amekwisha kuyaandika: tarehe ya kwanza ya hedhi ya mwisho na jinsi siku 280 zinavyohesabiwa kuanzia hapo hadi tarehe ya makisio, wingi wa damu, ambao ukiwa chini ya 11 mwanzoni au mwishoni mwa ujauzito huhesabiwa kuwa upungufu, na presha, ambayo ikifika 140 kwa 90 haipaswi kupuuzwa. Kitabu chenye picha nzuri za mtoto tumboni lakini kisichogusa hata kisanduku kimoja cha kadi yako kirudishe.

Hatua ya pili, ambayo watu wengi huiruka, ni kukagua umri wa kitabu. Mwaka huandikwa nyuma ya ukurasa wa jina, lakini usiridhike nao, kwa kuwa kuchapwa upya si kuhaririwa upya. Tafuta sura inayohusu mahudhurio ya kliniki. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani liliacha utaratibu wa mahudhurio manne na kupendekeza yasiyopungua manane, la kwanza likiwa ndani ya wiki 12 za mwanzo. Kisha tafuta malaria. Tangu 2012 shirika hilo hilo linapendekeza kwamba, katika maeneo yetu yenye malaria, dawa ya kinga ya SP itolewe kila hudhurio kuanzia miezi mitatu ya pili, kwa kuachanisha angalau mwezi mmoja, ili mama apate dozi tatu au zaidi. Wanaotumia kotrimoksazoli, dawa ya kuzuia maambukizi, kwa sababu ya VVU hawapewi SP. Kitabu kinachosema dozi mbili zinatosha kimezeeka, hata kama jalada lake linang'aa.

Ninalisisitiza hili kwa sababu ya mama mmoja aliyetoweka tangu wiki ya 30 na kurudi wiki ya 37, kitabu mkononi, kona ya ukurasa ikiwa imekunjwa. "Dada nesi, hapa wameandika mara nne, na mimi nilikwisha kufikisha nne," aliniambia. Niliusoma ukurasa ule, na kweli ndivyo ulivyosema. Kichwa kilikuwa kimemuuma siku tatu mfululizo, na presha yake asubuhi ile ilikuwa 160 kwa 110. Alilazwa siku hiyo hiyo, akajifungua salama, na kile kitabu alikisahau juu ya meza yangu.

Hatua ya tatu ni kujiuliza kitabu kiliandikwa kwa ajili ya mama wa wapi. Vya Uingereza na Marekani si vibaya, na ninavyo viwili nyumbani, lakini vingi vinatumia kurasa nzima kueleza hatari ya kinyesi cha paka huku malaria ikitajwa kama jambo la wasafiri. Huko Uingereza wajawazito hushauriwa kuacha maini kwa sababu ya wingi wa vitamini A, ilhali huku mama mkwe anakupikia hayo hayo ili uongeze damu. Sehemu kama hiyo iwekee alama na umuulize mkunga wako kabla ya kufuata upande wowote. Kitabu kilichoandikwa kwa ajili yetu utakitambua haraka: kitazungumzia chandarua chenye dawa, na hakitaona aibu kutaja ule udongo unaouzwa sokoni ambao wajawazito wengi huutafuna kwa siri.

Hatua ya nne ni jaribio dogo. Kifunge kitabu, ujifanye kwamba ni saa nane usiku na umeona damu, kisha utafute ukurasa wa dalili za hatari. Ukipekua zaidi ya dakika moja, kitakuangusha. Ukurasa huo utaje kutokwa na damu, kichwa kuuma sana pamoja na macho kuona maruweruwe, uso na mikono kuvimba, degedege, homa, chupa kupasuka kabla ya wakati na mtoto kupunguza kucheza, na mbele ya kila dalili useme wazi kwamba nenda kituoni sasa.

Hatua ya tano ni fupi: hakikisha kitabu hakiishii leba, bali kinaendelea hadi kunyonyesha, kidonda na huzuni inayoweza kumpata mama baada ya kujifungua.

Vikibaki viwili vinavyolingana, chukua chepesi, kwa sababu benchi la kliniki ndipo utakapokisoma zaidi, na foleni ya Jumatatu huwa ndefu.