Mbavu Laini kwa Chungu cha Umeme: Kwa Ndugu Zetu wa Unguja na Pemba Walio Ughaibuni

Kwetu Wete mama alikuwa akiteleka mbavu za ng'ombe asubuhi mapema, akiacha kuni zife mpaka yabaki makaa matupu. Tukirudi chuoni adhuhuri nyama inajivua mfupa yenyewe. Huku tuliko hakuna mafiga, wala mtu wa kushinda jikoni, lakini kipo chungu cha umeme kinachopika kwa moto mdogo muda wa saa 8. Si kile cha presha. Hicho kina kanuni zake.

Wengi wetu hukinunua, wakapika mara mbili, wakapata maji maji yasiyo na ladha, kisha wakakifungia kabatini. Kosa ni maji. Chungu cha kwetu hupumua, mvuke unatoka, ndiyo maana mama alikuwa akiongeza maji kila mara. Hiki cha umeme mvuke wake hugonga kifuniko na kurudi ndani, na nyama na vitunguu navyo vina maji yao. Kwa kilo moja na nusu ya mbavu tia kikombe kimoja tu. Mimi siku hizi hutia nusu.

Kijitabu kinachokuja na chungu huenda kikakuonyesha mbavu za nguruwe. Chukua ufundi, nyama uipate kwa muuza nyama wa halali: mbavu nene za ng'ombe, azikate kwa msumeno urefu wa vidole vinne. Usikimbie zile nyuzi nyeupe zilizoshika mfupa. Hizo ndizo zinazoyeyuka zikaufanya mchuzi uwe mzito, ila zinataka joto na saa nyingi. Ukionja saa ya tatu ukakuta nyama ngumu kama kiatu, usikate tamaa, haijafika tu.

Usiku zipake thomu, tangawizi, chumvi, pilipili manga na ndimu, uziweke friji. Asubuhi zikaange kwanza kwenye kikaango cha moto mpaka zigeuke kahawia kila upande. Ni dakika 10 za kuamka mapema, na rangi ile na harufu ile chungu hakiwezi kukupa. Chini panga mbatata, kwa sababu ndani ya chungu hiki zinachelewa kuiva kuliko nyama. Juu yake mbavu, kitunguu, tungule mbili, uzile, kijiti cha mdalasini, na ukwaju kidogo. Karafuu mbili, basi. Najua sisi ndio watu wa karafuu, lakini ikifungiwa humo kutwa nzima hutawala kila kitu na kuacha uchungu mdomoni.

Moto mdogo saa 8, au mkubwa saa 4 hadi 5. Usifunue kuchungulia, joto likitoka linachukua muda mrefu kurudi. Tui la nazi lisubiri nusu saa ya mwisho, lisije likakatika. Na mchuzi ukiwa mwepesi bado, umimine kwenye sufuria uuchemshe jikoni mpaka ushikane.

Mambo mawili nayasisitiza kwa sababu ni ya afya. Usitie nyama iliyoganda: itakaa muda mrefu katika uvuguvugu, na humo ndimo vijidudu huzaliana. Na ukipenda kuchanganya maharage mekundu, yaloweke usiku, umwage maji yale, kisha uyachemshe kwa nguvu dakika 10 kwenye jiko la kawaida kabla ya kuyatia. Yana sumu ambayo moto mdogo wa chungu hauiui.

Siku ya kwanza tunakula kwa boflo au mkate wa kumimina. Kinachobaki kiingie friji ndani ya saa 2. Asubuhi utakuta mafuta yameganda juu. Yaondoe kwa kijiko, na mchuzi ule wa chini, uliogeuka kama jeli, upikie pilau badala ya supu ya kawaida.