Kusoma mpangilio wa sumaku kwa nyutroni: LaMnO₃ iliyotiwa kalsiamu

Mwongozo huu ni wa aliye na mizani nzuri na tanuri hapa Mombasa, naye anataka kujua momenti za manganisi (sumaku ndogo ya kila atomi) zimejipanga vipi ndani ya fuwele ya LaMnO₃, oksidi ya lantani na manganisi, ambamo kalsiamu hushika nafasi za baadhi ya lantani. Eksirei huona elektroni kwa jumla. Nyutroni haina chaji, lakini yenyewe ni sumaku ndogo, kwa hiyo huzigusa momenti hizo moja kwa moja. Kenya hatuna kinu cha nyuklia. Utaandika ombi la muda wa mwale ugenini, kwa mfano ILL, kituo cha utafiti wa nyutroni kule Grenoble, Ufaransa. Sampuli na uchambuzi ni juu yako.

Hatua ya 1: kausha oksidi ya lantani. Nasisitiza hapa kuliko pengine popote, maana kosa la mizani halirekebishiki na mashine yoyote. Oksidi hii hunywa unyevu wa hewa ikageuka hidroksidi, na masika ya pwani yanaujua udhaifu huo. Ikigeuka yote, gramu 100 unazopima zina takriban gramu 86 tu za oksidi: utaamini umetia kalsiamu theluthi moja, kumbe imezidi. Ichome kwa 1000 °C usiku kucha, iweke kwenye desiketa (chombo kilichofungwa cha kuhifadhia vitu vikavu) ingali na moto, kisha ipime mara inapopoa. Itazame namba ya mizani. Ikipanda yenyewe polepole, unga unakunywa maji, urudishe tanurini.

Hatua ya 2: changanya oksidi hiyo na viambato vya manganisi na kalsiamu, kisha choma, saga, choma tena kati ya 1200 na 1350 °C hadi eksirei ionyeshe awamu moja, yaani aina moja tu ya fuwele. Andaa gramu 4 au 5, zikiwa kavu kabisa, kwa sababu haidrojeni hutawanya nyutroni ovyo. Unga hutiwa kwenye kopo la vanadi, metali ambayo karibu haina vilele vyake kwenye grafu ya nyutroni.

Hatua ya 3: pima kwanza kwenye joto la juu. Momenti za LaMnO₃ tupu (isiyo na kalsiamu) hujipanga chini ya takriban 140 K, na yenye theluthi ya kalsiamu huwa ferosumaku (momenti zote zaelekea upande mmoja) karibu 260 K. Kwa hiyo 300 K inatosha kwa zote mbili. Usiibanie muda data hii: ndiyo inayokupa muundo wa atomi na skeli (kizidisho kinacholinganisha modeli na data) kwa njia ya Rietveld, yaani kulinganisha grafu nzima na modeli. Kisha shuka hadi 5 K bila kubadilisha chochote kingine.

Hatua ya 4: toa data ya 300 K kwenye ya 5 K. Mabaki yenye umbo la mawimbi, juu kisha chini, ni fuwele kusinyaa kwa baridi, yapuuze. Kwa urefu wa wimbi wa Å 2.41, sampuli tupu itaonyesha kilele kipya karibu na digrii 18. Hicho ni (010), jina la seti ya matabaka ya fuwele, ambacho kundi la Pnma (ulinganifu wa fuwele hii) haliruhusu kutoka kwa viini vya atomi. Maana yake momenti ndani ya tabaka zinaelekea upande mmoja, na tabaka la jirani linaelekea kinyume.

Hapa watu wengi hukwama. Vekta k, inayoeleza kama mpangilio wa sumaku unajirudia kwa seli ileile ya atomi, bado ni sifuri, kwa kuwa seli ya Pnma (kipande kinachojirudia) tayari ina tabaka mbili. Basi k ya sifuri pekee haikupi ruhusa ya kuandika “ferosumaku”. Kwenye theluthi ya kalsiamu, hakuna kilele digrii 18, na vilele vya zamani karibu na digrii 36 ndivyo vinavyopanda. Huo ndio ferosumaku. Wollan na Koehler walichora ramani ya mfululizo huu mwaka 1955.

Hatua ya 5: pachika modeli kwa programu ya FullProf, skeli ikiwa imefungwa kwenye thamani ya 300 K. Wastani wa momenti kwa kila manganisi usizidi magnetoni 4 − x za Bohr (kipimo cha momenti), x ikiwa sehemu ya kalsiamu. Ukizidi, rudi kwenye skeli. Kilele kipya chenye nguvu kwenye pembe kubwa kitilie shaka pia, maana nguvu ya sumaku hufifia haraka pembe ikikua.

Hatua ya 6: kalsiamu kidogo, karibu asilimia 10. Utaona dalili zote mbili pamoja. Huenda momenti zimeinama, huenda kuna maeneo mawili tofauti ndani ya punje. Unga hauamui baina yao, hata modeli ikilingana vizuri kiasi gani. Ripoti vijenzi vyote viwili na ukubwa wake, kisha ombi lako linalofuata liwe la fuwele moja.